Kubaki Nyumbani Si Kufichwa

Kila mjadala unapozuka hapa Mombasa kuhusu vijana wenye ulemavu waliomaliza shule, haukawii kumfikia mzazi. Maafisa, walimu, watetezi wa haki, hata majirani wanaokaa barazani wana jibu moja: kijana alisoma, akafunzwa kazi ya mkono, akarudi kwao, mama yake akamfungia ndani. Wazazi wanaona haya, wanaficha. Neno hilo limerudiwa mpaka linatosha kumaliza mazungumzo. Nataka kulipima, maana upande mmoja una haki ya kukasirika, na upande wa pili haujasikizwa hata nusu.

Wanaokasirika wana hoja, tena nzito. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliharamisha mzazi au jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu na kumnyima huduma anazostahili. Wabunge hawakuliota jambo hilo. Wapo vijana waliokulia vyumba vya uani, ambao watu wa mtaa wa pili hawajui kama wapo. Yupo msichana mwenye mtindio wa ubongo, akili yake timamu, aliyefanya mtihani akapita, na kila akitaka kutoka huambiwa angoje kaka yake arudi kazini. Kaka akirudi amechoka. Miaka inakwenda hivyo. Muulize mwenyewe, atakwambia kinga ya mama imegeuka komeo. Kuna pia suala la kitambulisho. Kisheria kijana huwa mtu mzima akitimiza miaka 18, na bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana akaunti benki. Mzazi asiyempeleka mwanawe kukichukua, kwa hoja kwamba "huyu cha kumfaa nini", amemfanya mtoto wa milele. Hilo silitetei.

Lakini kutoka kusema "wapo wanaoficha" hadi kusema "tatizo ni kuficha" ni mwendo mrefu, na wengi huuruka. Tazama takwimu zinazopendwa kutajwa. Sensa ya 2009 ilisema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 3.5. Ile ya 2019 ikasema asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi, yaani kama watu 900,000. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 kwa dunia nzima. Basi husemwa kwamba pengo hilo ndio hao waliofichwa. Ingekuwa hivyo, ingetubidi tuamini kwamba katika miaka 10 wazazi wa Kenya walizidisha kuficha, katika muongo uleule ambao katiba mpya iliwatambua watu wenye ulemavu waziwazi kuliko wakati wowote. Kilichobadilika ni maswali. Mwaka 2019 makarani walitumia maswali ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: je, unapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Akahesabiwa aliyejibu kwamba anapata shida kubwa au hawezi kabisa. Aliyesema anapata shida kiasi akaachwa nje. Mzazi amebebeshwa lawama ya fomu.

Hesabu ambayo mimi siachi kuirudia ni nyingine, na ni ndogo: shilingi 2,000. Ndizo serikali inazotoa kila mwezi, chini ya mpango wake wa Inua Jamii, kwa familia maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Zigawe kwa siku 30, hazifiki shilingi 67 kwa siku. Sasa mchukue kijana wa Mtongwe, upande wa Likoni, aliyepata nafasi ya mafunzo kisiwani. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, tushukuru. Ila lazima afike feri, na akishavuka lazima afike darasani. Tuweke shilingi 50 tu kwa kila gari. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, ni 200. Kama hawezi kwenda peke yake, na wengi mwanzoni hawawezi, mzidishe na msindikizaji: 400. Kwa siku 20 za mwezi ni shilingi 8,000. Mara nne ya kile serikali inachotoa, na kijana hajala, na hatujataja kiti cha magurudumu ambacho makanga akitaka hukihesabu kuwa abiria wa tatu. Huyo msindikizaji naye ni nani? Ni mama, ambaye kila asubuhi anayokaa nje ya lango la chuo akingoja ni asubuhi ambayo hakuuza kitu.

Nimewahi kumsikia afisa mmoja akimwambia mama hadharani, mbele ya wazazi wenzake, kwamba "hana utayari". Mama hakujibu. Kama angekuwa na kalamu, hesabu yake ingekuwa hiyo hapo juu.

Na ukizitazama vizuri hizo 2,000, utaona jambo lingine. Hutolewa kwa anayehitaji uangalizi wa wakati wote. Yaani ili familia izipate na isizipoteze, ni lazima kijana aendelee kuonekana hawezi. Akianza kuvuka feri mwenyewe, akianza kupokea kibarua cha siku mbili kwa wiki, mzazi anajiuliza kama jina litabaki kwenye orodha. Fedha ya serikali inalipia kukaa, na hotuba ya serikali inalaumu kukaa. Mzazi amesikia zote mbili, akaamini ile inayokuja na pesa. Mimi pia ningeiamini.

Jibu la wanaomlaumu mzazi ni kwamba akimtoa kijana, ajira ipo. Sheria mpya ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Ni hatua kubwa, kwa kuwa ile ya 2003 iliishia kulitaka Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lijitahidi tu kupata hizo nafasi. Tena mwenye ulemavu akiajiriwa na kusajiliwa ipasavyo, shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi hazikatwi kodi. Naziunga mkono hatua zote mbili. Lakini tuingie kwenye kiwanda cha nguo chenye watu 20 pale Changamwe. Asilimia 5 ya 20 ni mtu mmoja. Mwajiri atamchukua nani? Atamchukua mwenye diploma anayechechemea. Si kosa lake, ametii sheria. Yule kijana mwenye ulemavu wa akili aliyefunzwa kukunja vitambaa kwa miaka mitatu, au yule mwenye usonji anayepanga vitu kwa utaratibu wa kushangaza lakini hastahimili kelele za cherehani, atabaki nje ya lango, na asilimia itakuwa imetimia. Na huyo asiyelipwa hata 10,000 hana haja na msamaha wa kodi. Mzazi wa kijana wa namna hiyo akisikia "ajira ipo" anasikia habari ya mtoto wa mtu mwingine.

Zamani Mombasa ilikuwa na jibu la kati. Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, ziliwapa watu kazi ya mapambo, ngozi, nguo na vinyago, pamoja na heshima ya kusema "naenda kazini". Leo wanaotetea ujumuishi wanasema karakana za pekee zimepitwa na wakati, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, ilisema wazi mwaka 2022 kwamba ajira ya kutengwa iondolewe hatua kwa hatua. Kwa kanuni wako sahihi: mtu asitengwe kwa ulemavu wake, na karakana inayotegemea watalii hutetereka kila watalii wanapopungua. Ila "hatua kwa hatua" ina maana kwamba kitu kingine kinajengwa huku cha kwanza kikiondolewa. Mzazi akiona cha kwanza kinanyauka na cha pili hakijafika mtaani kwake, anamrudisha mwanawe jikoni.

Na hapo jikoni ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Alfajiri, kabla ya swala au mara baada yake, Mombasa inakula mahamri na mbaazi. Nyuma ya kila meza ya mahamri kuna watu wa nyumba nzima: anayekuna nazi, anayekanda, anayekata, anayegeuza kwenye mafuta, anayefunga kwenye karatasi. Nimeiona nyumba moja Kisauni ambamo anayekuna nazi ni kijana mwenye ulemavu wa akili, wa miaka 20 na kitu. Anakaa kwenye mbuzi saa kumi za usiku, nazi baada ya nazi, na hazidishi wala hapunguzi. Mama yake anasema kijana akiumwa, biashara haifunguki. Shuleni kijana huyu alifunzwa kutunga shanga. Cheti kiko ukutani. Shanga hazina mnunuzi mtaani, mahamri yana foleni. Sasa aje karani na fomu yake: ameajiriwa? Hapana. Yuko chuoni? Hapana. Anakaa nyumbani. Ataandikwa pamoja na yule aliyefungiwa chumba cha uani, na kesho mtu atasimama kwenye warsha aseme vijana wetu wanafichwa.

Huyu hakufichwa. Huyu amevuka kutoka shule hadi utu uzima, na daraja lilijengwa na mama yake bila mchoro wa mtu. Kinachomkosa ni kile ambacho serikali ingeweza kutoa kwa wepesi: kitambulisho, laini yake, sehemu ya mauzo iingie kwa jina lake, jiko bora, mkopo mdogo kwa biashara ya nyumba hiyo. Zabuni za serikali zina asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini sijui meza ya mahamri gani itakayojaza makaratasi yale. Mama naye ana wajibu hapo, na nilimwambia: pesa ya kijana aishike kijana, hata kama ni shilingi 50 anunue soda anayoitaka yeye. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema hajawahi kumuuliza anapenda soda gani.

Hivyo simfanyi mzazi malaika. Viziwi wanajua hili kuliko wote. Kijana anakaa bweni miaka 10, anaishi kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, anatania kwayo, anagombana kwayo. Anarudi nyumbani na hakuna hata mmoja aliyejifunza zaidi ya ishara ya kula na kulala. Hakufungiwa mlango, lakini yuko peke yake mezani. Hapo lawama ya familia ni ya haki, ingawa nitauliza pia: katika miaka hiyo yote, mzazi aliitwa shuleni mara ngapi kufunzwa lugha, na mara ngapi kudaiwa ada?

Kisha kuna hofu isiyosemwa mbele ya wanaume. Mzazi wa binti mwenye ulemavu wa akili hamfungii kwa sababu ya haya. Anajua kilichompata binti wa jirani, na anajua kesi ilivyokwenda, au ilivyokosa kwenda, kwa sababu mlalamikaji hakuweza kueleza kwa namna ambayo mahakama inaielewa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Anayemwambia mama huyo amwachie binti huru bila kumweleza atalindwa na nani njiani anaomba kitu ambacho yeye mwenyewe asingekitoa. Na bado binti ana haki ya kutoka. Ukweli huo wa pili haufutiki kwa kuwa wa kwanza ni mchungu. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa nyumba moja.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa liko kwenye ratiba. Kwa wasioweza kufuata njia ya kawaida, mtaala wa umilisi, yaani CBC, umeweka hatua zinazopanda mpaka ufundi, na ni jambo jema. Lakini mazungumzo ya "baadaye itakuwaje" hufanyika siku ya kufunga shule, mzazi akiwa amesimama na godoro kichwani. Yangepaswa kuanza kijana akiwa na miaka 15: nyumba yenu inafanya biashara gani, nani atamsindikiza, kitambulisho lini, yeye mwenyewe anataka nini. Na mzazi anayesindikiza alipwe nauli, kama anavyolipwa afisa anayekwenda kumhutubia.

Tena shule ziifanye safari kuwa somo. Anayejua feri ya Likoni anajua kwamba maji yakijaa njia ya kuingilia huwa tambarare, na yakikupwa inakuwa mteremko ambao gurudumu linaukimbilia. Na saa kumi na mbili asubuhi umati husukuma bila kuangalia nani yuko mbele. Hayo yanafundishika. Wiki ya kwanza mwalimu ashike mkono. Ya pili atembee kando. Ya tatu awe nyuma hatua kumi, kijana asimwone. Na siku ya mwisho mama angoje upande wa Likoni, nje ya lango, aangalie watu wakishuka, mpaka amwone wake.