Nani mwenye hadithi ya Shinigami?

Juni 2021 mwanamuziki wa Kijapani Kenshi Yonezu alitoa wimbo unaoitwa "Shinigami". Video yake ilipigwa ndani ya Suehirotei, ukumbi wa mbao uliojengwa 1946 katika mtaa wa Shinjuku, Tokyo, na humo Yonezu amepiga magoti juu ya mto kama mtambaji wa rakugo. Rakugo ni utambaji wa visa vya kuchekesha: mtu mmoja, kipepeo cha kujipepea na kitambaa, na wahusika wote anawaigiza yeye. Wimbo huo, pamoja na manga (vitabu vya katuni) na anime (filamu za katuni) zilizoutangulia, umechochea ubishi wa siku nyingi: je, burudani za kisasa zinazifaa hadithi hizi, au zinazinyonya tu?

Kisa chenyewe cha rakugo, chenye jina hilohilo la Shinigami, kinaanza na fukara anayesimangwa na mkewe kwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Anaamua kujiua. Anatokewa na shinigami, yaani mtoa roho, ambaye badala ya kumchukua anamfundisha uganga. Ukiitwa kwa mgonjwa, tazama mtoa roho amekaa upande gani. Akiwa miguuni, tamka "Ajarakamokuren, tekerettsu no paa", piga makofi mawili, ataondoka na mgonjwa atainuka. Akiwa kichwani, usijitie kimbelembele, siku za huyo zimetimia. Jamaa anatajirika, anatapanya, anafilisika. Kisha anaitwa kwa tajiri, anamkuta mtoa roho yuko kichwani, lakini donge linalotajwa linamtoa udenda. Anasimamisha wanaume wanne kwenye pembe za godoro, anasubiri mtoa roho asinzie, wanaligeuza chapuchapu. Tajiri anapona. Mganga anapelekwa pangoni kwenye mishumaa isiyohesabika, kila mshumaa uhai wa mtu, na wake ndio ule unaotaka kuzimika, maana amebadilishana na tajiri. Anaruhusiwa kuhamishia moto kwenye mshumaa mwingine. Mkono unatetemeka. "Unazimika..." na mtambaji mwenyewe anaanguka kifudifudi jukwaani.

Anguko hilo ndilo silaha ya kwanza ya wanaolalamika. Mwisho wa kisa hauko kwenye maneno, uko mwilini mwa mtambaji. Redioni husikii kitu. Kwenye wimbo wa dakika chache hofu ya mshumaa inabaki, lakini uchoyo wa jamaa, masimango ya mke na mbwembwe za uganga wa uongo, ambavyo ndivyo vinavyochekesha, havina pa kukaa. Asiyeujua mzizi wake anaweza kudhani Shinigami ni hadithi ya kutisha.

Hata maneno ya uganga yana jambo lake. Watambaji wengi huchomeka katikati yake kitu cha wakati huo, jina la mtu anayevuma au sakata la wiki, na watu hupasuka. Ni nafasi iliyoachwa wazi makusudi. Wimbo ukishashika toleo moja na watu wakalikariri, nafasi hiyo inabanwa.

Tena kuna mambo ya ukumbini. Katika kumbi za kudumu za Tokyo kama Suehirotei, mtambaji kwa kawaida hatangazi mapema kisa atakachotamba. Anaangalia daftari la nyuma ya jukwaa linaloonyesha waliomtangulia wametamba nini, anaipima hadhira, ndipo anachagua. Shinigami ni kisa kirefu na kizito, cha kuachiwa mtambaji wa mwisho. Shabiki anayekata tiketi kwa ajili yake anaweza kukaa alasiri nzima akaambulia visa vya manju, yaani maandazi ya Kijapani, na vya watumishi wavivu. (Binafsi sioni hasara hapo.)

Malalamiko haya yanayumba ukiuliza kisa kimetoka wapi. Hakijatoka Japani. Anayetajwa kuwa mtunzi wake, San'yūtei Enchō, aliyeishi 1839 hadi 1900, alikijenga juu ya kisa cha Ulaya. Wapo wanaokitafuta kwa ndugu Grimm, ambao kwao Mauti ni baba wa ubatizo wa tabibu, wapo wanaokitafuta kwenye opera ya Kiitaliano. Enchō alikivua nguo za Kizungu akakivika kimono. Basi anayemlaumu Yonezu kwa kuazima anamlaumu Enchō pia.

Enchō huyohuyo aliionja teknolojia mpya ya zama zake. Mwaka 1884 hadithi yake ya mzimu, Botan Dōrō, iliandikwa kwa hatimkato kama alivyoitamka, ikachapwa na kuuzwa. Kitabu hakikumuua mtambaji. Badala yake waandishi wa riwaya waliokuwa wakihangaika kuandika Kijapani cha mazungumzo walimfanya Enchō kielelezo. Faida ilikwenda pande zote mbili.

Manga ya Haruko Kumota, Shōwa Genroku Rakugo Shinjū, iliyotoka 2010 hadi 2016 na kufanywa anime, ina heshima ambayo wimbo hauwezi kuwa nayo kwa ufupi wake. Ndani yake mfungwa anasikia Shinigami ikitambwa gerezani, na akitoka anakwenda moja kwa moja kuomba kuwa mwanafunzi wa mtambaji yule. Kwenye anime waigizaji wa sauti wanatamba visa kwa urefu, wakikuacha usikilize pumzi na kimya. Hata hivyo, kamera ndiyo inayokuchagulia pa kutazama, kazi ambayo ukumbini ni ya macho yako.

Kwa hiyo mizani yangu inaelemea upande wa waazimaji, ila hoja ya nafasi iliyoachwa wazi siitupi. Kisa hiki hakiharibiwi na kugeuzwa, kimegeuzwa tangu Enchō. Kinachokitishia ni kugandishwa. Bahati nzuri watambaji hawakusubiri wimbo ili kukwepa kugandishwa huko: wapo ambao jamaa yao anafaulu kuuwasha mshumaa mpya kisha anapiga chafya, wapo wanaomfanya mtoa roho mwenyewe aupulize. Mtazamaji aliyekuja na wimbo kichwani anaujua mshumaa, lakini hajui leo utazimwa na nani.