Daphne Akhurst si jina la kombe tu

Kila Januari kule Melbourne, bingwa wa wanawake wa mashindano ya wazi ya tenisi ya Australia hukabidhiwa Kombe la Kumbukumbu la Daphne Akhurst. Mtangazaji hulitaja jina hilo mara moja, kisha anahamia kwenye fedha za zawadi. Jambo hili linaniudhi, kwa sababu mwenye jina alikuwa mchezaji hodari hasa.

Alizaliwa Sydney mwaka 1903, akasomea piano na kufundisha muziki. Kati ya 1925 na 1930 alitwaa ubingwa wa Australia wa mchezaji mmoja mmoja mara 5. Ni mwaka 1927 tu uliompita. Ongeza mataji 5 ya wawili wawili na 4 ya mchanganyiko, yaani mwanamke na mwanamume upande mmoja.

Wapo wanaosema mataji yale yalikuwa mepesi, eti nyota wa Ulaya na Marekani hawakuwepo. Kweli wengi hawakwenda, maana safari ya meli ilikula wiki nyingi. Lakini itazame fainali ya 1925. Esna Boyd alimchapa Akhurst 6–1 katika seti ya kwanza. Seti ya pili ikavutana. Enzi zile hapakuwa na taibreka, yaani mchezo mfupi wa kuamua seti ikifika 6–6; mnacheza mpaka mmoja amwache mwenzake kwa michezo miwili. Akhurst akaichukua 8–6, kisha ya tatu 6–4. Mwaka 1930 alimshinda Sylvia Harper 10–8, 2–6, 7–5. Hapo pana wepesi gani?

Na alipopanda meli yeye kuwafuata hao nyota, hakuaibika. Mwaka 1925 alifika robo fainali ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza. Mwaka 1928 akafika nusu fainali, akatolewa na Mhispania Lilí de Álvarez, na akacheza fainali ya mchanganyiko pamoja na Jack Crawford. Mwaka huo aliwekwa nafasi ya 3 duniani.

Aliolewa mwaka 1930. Januari 1933 mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikamuua akiwa na miaka 29, akaacha mume na mtoto mdogo wa kiume. Mwaka uliofuata ndipo kombe lilipoanza kutolewa kwa jina lake.

Ndugu zetu mnaotangaza tenisi kwa Kiswahili, kabla kombe halijainuliwa Januari ijayo, tupeni dakika moja ya huyu mwalimu wa muziki na zile seti zake za 8–6 na 10–8.