Kuuzuliwa kwa Khalid bin Walid: Umar alikuwa na haki?

Akitajwa Khalid bin Walid, ubishi hauchelewi kufika palepale: kwa nini Khalifa Umar alimuuzulu jemadari aliyekuwa akishinda? Wengine husema ni chuki ya tangu ujana wao Makka. Wengine husema ni uchamungu mtupu. Majibu yote mawili naona ni mepesi mno.

Kwanza, Khalid aliondolewa mara mbili, na watu huzichanganya. Mwaka 634, Umar aliposhika ukhalifa, uamiri mkuu wa Sham (Syria na nchi jirani zake) ulikwenda kwa Abu Ubayda bin Jarrah. Khalid hakurudishwa nyumbani. Miaka miwili baadaye alipigana na Warumi wa Bizanti katika vita vya Yarmuk, chini ya Abu Ubayda. Kuuzuliwa kabisa kulikuja mnamo 638.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Katika vita vya Muta, mwaka 629, makamanda watatu, Zayd bin Haritha, Jafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Khalid ndiye aliyeshika bendera akalitoa jeshi lisiteketee. Akaitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu. Na Abu Bakr, khalifa aliyemtangulia Umar, aliposhikiliwa na Umar amwondoe, alijibu kwamba hatourudisha alani upanga aliouchomoa Mungu.

Sawa, lakini Umar alikuwa akidai aondolewe kwa lipi? Kwa kuuawa na watu wa Khalid kwa Malik bin Nuwayra, mtu ambaye Uislamu wake ulibishaniwa, kisha Khalid akamwoa mjane wake. Abu Bakr alimwacha kazini, ila diya, yaani fidia ya damu, aliitoa. Na kabla ya hapo kulikuwa na Banu Jadhima, kabila ambalo baadhi ya watu wake Khalid aliwaua: Mtume mwenyewe alijitenga na kitendo cha Khalid, akamtuma Ali kwenda kuwalipa. Kwa hiyo shaka ya Umar haikuzuka hewani.

Kilichommaliza Khalid kilikuwa fedha. Alimtunza Ash'ath bin Qays, mkuu wa kabila la Kinda, dirhamu 10,000, habari zikafika Madina. Umar akaagiza aulizwe hadharani: zimetoka wapi? Kama ni mali yake, amefanya israfu. Kama ni ngawira, amefanya hiana. Vyovyote atakavyojibu, anaondoka. Inasimuliwa kuwa Bilal alimfunga kwa kilemba chake mwenyewe alipokuwa akihojiwa. Hapa namuunga mkono Khalid. Swali ambalo majibu yake yote yana adhabu moja ni hukumu iliyokwisha kukatwa.

Baadaye Umar aliandikia miji kwamba hakumwondoa kwa hasira wala kwa hiana, bali watu walikuwa wamefitinika naye, wakidhani ushindi unatoka kwake. Ingekuwa kwa Khalid peke yake, ningeona ni kisingizio. Lakini Sa'd bin Abi Waqqas, mshindi wa vita vya Qadisiyya dhidi ya Waajemi, naye aliondolewa ugavana wa mji wa Kufa, na Amr bin al-As, gavana wa Misri, alitwaliwa sehemu ya mali yake. Ilikuwa desturi ya utawala wake: amiri akikua mno, anapunguzwa.

Misri ilitekwa bila Khalid, na vita vya Nahawand huko Uajemi vikapiganwa bila yeye. Watetezi wake watasema Yarmuk ilikwisha kumvunja Mrumi mgongo, na hawakosei. Ila Khalid alipofariki mwaka 642, inasimuliwa kuwa wasia wake alimkabidhi Umar ausimamie. Wanaoshikilia habari ya chuki bado hawajalieleza hilo.