Sikuwa namwita mama yangu, nilikuwa namwita Mama Atu

Wakuu, naona ile video yangu nikipiga kelele ziwani imeshafika hadi kwa watu niliosoma nao sekondari, kwa hiyo kukaa kimya hakunisaidii tena. Ambokile ameituma kwenye grupu la ukoo, la mtaa na la kwaya, na chini yake ameandika: "Mzee mzima alilia akimwita mama yake." Uongo. Irudieni msikilize vizuri. Nasema "Mama Atu", yaani mke wangu. Hiyo "Atu" imemezwa na maji. Halafu ameanza kurekodi mambo yakiwa mwishoni, mwanzo wote hana. Mwanzo ninao mimi.

Wale mnaosema Mbeya hakuna baridi, njooni mwezi wa sita mjionee. Shule zimefungwa, jua linawaka hadi unakunja uso, na bado umevaa sweta na soksi. Maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Watoto wanakaa ndani wanachora ukuta, na ukiwatoa nje wanarudi na makamasi. Sasa mtu wa Mbeya anayetaka wanawe wacheze maji hahangaiki na nauli ya Zanzibar, anateremka Kyela tu. Mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya 500. Yaani unashuka zaidi ya kilomita nzima, na kila mnaposhuka watoto wanavua nguo moja. Isongole walikuwa wamejifunika blanketi hadi puani. Tukuyu wakaomba dirisha lifunguliwe. Tunaingia Ipinda, Lusajo, ambaye ana miaka mitatu, alikuwa amebaki na chupi na kofia ya sufu.

Tulikuwa magari mawili, sisi na familia ya Ambokile. Kwangu mimi safari na watoto ni darasa, simfichi mtu. Njia nzima nikawa nafundisha. Kwamba hili ni ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kwamba lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, wengine warembo hadi Wazungu wanawafuga sebuleni kwenye vioo. Na kwamba kina chake kinafika mita 700.

"Baba," Atupele akauliza, ana miaka sita huyo, "mtu akizama anafika chini siku gani?"

Mama yake akaniambia nibadilishe mada. Nikabadilisha, nikaingia kwenye mamba wa midomo ya mito.

Matema, ule ufukwe wa Ziwa Nyasa tuliokuwa tunakwenda, sitawaelezea sana, mliofika mnaijua. Mchanga mwingi, milima ya Livingstone imesimama wima pembeni utadhani imeambiwa isisogee, na akina mama wa Kikisi na vyungu vyao kutoka Ikombe, vimepangwa kwenye mtumbwi kimoja ndani ya kingine. Mama Atu alinunua chungu kabla hata mkeka haujatandikwa. Samaki aina ya mbasa akaagizwa, mchele wa Kyela ukawekwa jikoni, harufu tu ilikuwa inatosha kumfanya mtu awasamehe adui zake. Mimi nikapewa kazi ya kupuliza bata.

Bata ndiye huyo mnayemwona kwenye video. Ni boya la kuogelea la Atupele, la njano, tulilinunua Mwanjelwa, lina kichwa na shingo kwa mbele na tundu katikati. Nililipuliza kwa mdomo mpaka nikaanza kuona nyota mchana. Mama Atu anadai pembeni limeandikwa miaka mitatu mpaka sita. Limeandikwa, sawa. Ila halikutaja kiuno.

Basi bwana, watoto wa Ambokile wakaingia majini mbio, Atupele akagoma. Amesimama na bata wake kwapani, anayatazama maji, midomo inamtetemeka. Namuuliza kulikoni, ananijibu kwa sauti ya chini: "Mita mia saba." Ambokile akacheka hadi akakaa. Wanawake wakaniangalia kwa yale macho. Nikaona hapa baba lazima aonyeshe kwa vitendo. Nikamwambia, "Lete huyo bata, tazama baba."

Nikaingia hadi maji yakafika magotini. Nikamweka bata nyuma yangu, nikageuka kuwapungia mkono watoto pwani, nikakaa.

Naomba hapa twende taratibu, kwa sababu Ambokile hana kipande hiki na watu mnanitungia mambo.

Unapokaa kwenye boya la mtoto huingii lote. Yanaingia makalio. Yalishuka kwenye lile tundu, mpira ukalia *fwip*, na papo hapo magoti yakanijia kidevuni. Nikawa nimekunjika: miguu juu, mikono juu, makalio chini majini, na uso kwa uso na bata. Mchoraji wa kiwandani alimpaka jicho moja juu kuliko lingine. Anatabasamu. Pwani wakapiga makofi, wakidhani ndio mchezo wenyewe, na mimi nikatabasamu, mzee mzima.

Nikajaribu kutoka. Kumbe mpira ukilowa na ngozi ikalowa, hapo katikati hapaingii hata sindano. Nikisukuma mkono wa kulia, bata anazunguka kushoto. Nikisukuma kushoto, anazunguka kulia. Miguu nikiitupa chini ili nikanyage, mgongo unalala nyuma na maji yananiingia masikioni. Mikono haifiki majini vizuri, zinafika ncha za vidole tu, kwa hiyo nguvu zote za mwanaume wa miaka arobaini na kitu zilikuwa zinapiga maji kwa kucha.

Likaja wimbi la kwanza, likaninyanyua. La pili likanigeuza. Baada ya hapo sikuiona tena pwani. Nilikuwa naona mawingu, vidole vyangu vya miguu na jicho la bata.

Mnaocheka, subirini kwanza. Mtu akiwa anaona mawingu tu, hajui yuko wapi. Sauti za watoto nilikuwa nazisikia zikififia. Upepo ulikuwa unanipiga upande mmoja. Nikapiga hesabu: ng'ambo ni Malawi, pasipoti imebaki Mbeya, na chini yangu ni mita 700. Kila nilichomfundisha mtoto kwenye gari kikaanza kurudi kwa mpangilio uleule. Nikazikumbuka zile aina za samaki. Nikawakumbuka mamba.

Na wakati huohuo, jamani, naapa, kitu kikanigusa makalio.

Hakikugonga. Kiligusa, kikaacha. Kigumu kidogo, kina mikwaruzo. Nikaacha kupumua. Bata akatulia na yeye. Likapita wimbi dogo, nikashuka nalo, kikanigusa tena, safari hii kwa kukokota, polepole, kutoka tako la kulia kwenda la kushoto, jinsi mtu anavyokagua nyama buchani kabla hajauliza bei.

Sasa ndio unasikia ile sauti kwenye video. Ambokile alikuwa ameshatoa simu. Sala sikuikumbuka hata moja, na ni mzee wa kanisa. Kilichonijia ni kwamba nakufa na siri, na familia itapata shida. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo nikapaza sauti:

"Mama Atuuuu! Hela za parachichi hazikushuka! Ziko stoo! Kwenye kiroba cha mbolea! Laki nane!"

Kwa faida ya mlio nje ya ukoo: msimu uliopita nilirudi kutoka shambani Kiwira nikamwambia mwenzangu kwamba wanunuzi wametuangusha bei, na nikakaa naye jioni ile tukawasema vibaya wanunuzi. Nilikuwa na mpango na ile hela. Mpango wa maendeleo. Pikipiki ni maendeleo.

Pwani yote ikanyamaza. Hata wale akina mama wa vyungu waliacha kupatana bei. Nikasikia hatua kwenye maji, *chwa, chwa, chwa*, zinakuja. Nikafumba macho.

"Baba."

Nikafumbua jicho moja. Ni Atupele. Amesimama pembeni yangu, amejishika kiuno, na maji yamemfika chini kidogo ya hicho kiuno. Huyuhuyu aliyekuwa anaogopa.

"Baba, mbona unapiga kelele? Simama."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nimekwama."

Akaniangalia. Akainama akaangalia chini ya bata, akainuka, akageukia pwani akatangaza kwa sauti ya darasani: "AMEKWAMAAA! ANAKAA KWENYE MCHANGA!"

Ndiyo. Ulikuwa mchanga. Mawimbi yalikuwa yamenisogeza pembeni, sambamba na ufukwe, hadi penye kilima cha mchanga chini ya maji. Kila wimbi likipita nilikuwa nakalishwa chini kidogo halafu nanyanyuliwa. Mamba wangu alikuwa ni Tanzania yenyewe.

Nyuma ya Atupele akafuata Lusajo na kikombe cha plastiki. Akafika, akachota maji, akanimwagia kichwani. Akachota tena. Hakuna aliyemzuia. Kwenye video anaonekana vizuri sana, dakika nzima, ananibatiza.

Akaja mzee mmoja wa mtumbwi, ametulia, hana haraka. Akanizunguka kwanza. Akasema, "Mwanangu, upepo wa miezi hii unatoka kusini. Huku Matema unakuleta, haukupeleki. Ulikuwa unakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Wakanikokota, mzee upande mmoja na Ambokile upande wa pili, simu mkono mwingine, mpaka mchanga mkavu, nikiwa bado nimekaa ndani ya bata.

Yaliyobaki nayapitisha haraka maana hayana maana. Mzee alitoa kisu, Atupele akapiga yowe wasimuue bata, na umati ukawa upande wa bata. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga samaki akaleta kopo la mawese, si mnajua Kyela na mawese. Nikapakwa kiunoni, mapajani na sehemu ambazo sitazitaja, na watu nisiowajua. Wanne wakavuta bata, wawili wakanivuta mimi kwa makwapa. Nikatoka. Bata mzima. Mimi rangi ya chungwa kuanzia kifuani hadi magotini, na ile kaptula nyeupe ndiyo imekwisha, hata sabuni ya magadi imeshindwa. Mbasa wangu walikuwa wameshamla. Isongole kwenye baridi nilivaa sweta juu ya mawese, tukarudi kimya, harufu ya maharage ya kukaanga gari zima.

Kimya cha Mama Atu ndicho nilichokuwa nakiogopa, lakini kilikuwa na sababu yake. Wakati mimi bado navutwa makwapa, yeye alikuwa pembeni na simu sikioni. Nilidhani anaita gari la wagonjwa. Kumbe amempigia mdogo wake aliyebaki nyumbani, anamwelekeza: "Stoo. Hapana, si hicho cha pumba. Cha mbolea." Akasikiliza. Akasema, "Zihesabu." Akasikiliza tena, akakata simu, akaenda kununua chungu cha pili.

Sasa nyumbani kuna friji jipya, na Atupele ameacha kabisa kuogopa maji, anataka tumpeleke tena likizo ya mwezi wa kumi na mbili na nimeambiwa mimi nitakaa kwenye mkeka. Wanunuzi wa parachichi mnaonipigia kuulizia msimu ujao, namba imebadilika, mpigieni Mama Atu. Bei anazijua zote, kaziandika kwenye daftari. Mimi mnipigie kama kuna makreti ya kupakia.