Kifuko kilichoandikwa 1x3

Mama mkubwa aliposhuka kwenye basi la Tandahimba, mwezi wa kumi na mbili, majirani zangu hapa Mtwara mjini walimpokea kwa sifa. Mashavu yamejaa, kidevu kimezaa kidevu kingine, kitambi kimemtangulia kama cha diwani. "Mama, korosho imekubali!" akasema mpangaji wa chumba cha mbele. Msimu ulikuwa umeshaanza kulipa, basi kila mtu akaona maelezo yanatosha. Hata mimi. Nilimpiga picha barazani nikaituma kwenye kundi la ukoo, wakajibu kwa mioyo myekundu.

Picha hiyo bado ninayo. Siku hizi nikiitazama naona vingine: mikono iliyolala mapajani imekonda kama si ya mwenye uso ule, na juu ya kiganja cha kushoto kuna baka jeusi la damu iliyovilia. Alisema aligonga kigoda tu.

Usiku akaamka mara tano kwenda chooni. Jagi la maji lilikauka kabla ya adhana ya alfajiri. Nikasingizia joto, maana joto la hapa mwezi wa kumi na mbili linabeba lawama nyingi. Siku ya tatu nikampeleka kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Wakamtoboa kidole kupima sukari: 19.4, juu mno. Wakamuuliza kama kwao kuna mwenye kisukari, kama anapenda chai ya sukari, kama anakula ubwabwa kila siku. Akaandikiwa dawa ya sukari, akasemwa kuhusu ubwabwa, tukarudi nyumbani. Swali moja halikuulizwa: mama, unameza nini?

Jibu lilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya kitambulisho na kanga ya akiba. Kifuko kidogo cha plastiki, vidonge vyeupe, na juu yake kwa kalamu ya bluu: 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Jina la dawa hakuna. Tarehe hakuna. Alikuwa akinunua "dawa ya magoti" kwa mwaka na zaidi, maana anabangua korosho akiwa amekaa chini kutwa na magoti yalikuwa yamegoma. Alipoanza, siku ya tatu tu akapanda shambani mwenyewe. "Mwanangu, ile dawa ni ya kweli," aliniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemtetea mtoto wake mzuri.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya niandike. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba vidonge vya namna ile mara nyingi ni prednisoloni au deksa (deksamethasoni), dawa za steroidi zinazoiga homoni ya mwili iitwayo kotisoli. Nikakasirika, nikavichukua, nikavimwaga chooni mbele yake, nikajiona mtoto mwenye akili. Siku ya nne hakuweza kusimama. Anatapika, kichwa kinazunguka, presha imeshuka mpaka muuguzi akarudia kupima akidhani mashine ni mbovu. Nusura nimuue mama mkubwa kwa ujuaji wangu.

Daktari kijana wa hospitali tuliyokimbilia ndiye aliyenieleza, akichora nyuma ya karatasi ya maabara. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo imekaa kama kofia iliyowekwa upande. Tezi hiyo hutengeneza kotisoli, homoni ya jamii ya steroidi, kwa kutumia kolesteroli. Karibu na muda wa kuamka kotisoli huwa juu, ukifika usiku wa manane imeshuka sana. Kazi yake mojawapo ni kukuandaa kwa shida: huliambia ini limwage sukari kwenye damu, huzuia misuli isiipokee sukari hiyo kirahisi hata insulini, homoni ya kuiingiza sukari, ikibisha hodi, na shida ikizidi huvunja misuli yenyewe ili sukari ipatikane. Ukikutana na simba njiani, na huku kusini simba si wa hadithi tu, huo ni mpango mzuri. Ukiwa umekaa kwenye mkeka unabangua korosho, mwaka mzima, mpango huo ni kisukari. Mafuta nayo huhamia tumboni, usoni na nyuma ya shingo, miguu ikabaki vijiti. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, alilieleza umbo hilo mwaka 1932 kwa wagonjwa ambao miili yao yenyewe ilizidisha homoni. Kwa mama mkubwa mwili haukuzidisha kitu. Tulimzidishia dukani.

Hesabu nayo ilinishtua. Prednisoloni ina nguvu karibu mara nne ya kotisoli. Kidonge kimoja cha miligramu 5 kinakaribia kazi ya kotisoli yote ambayo mwili mzima hutengeneza kwa siku. Yeye alimeza vitatu. Ubongo ukiona homoni imejaa hivyo huacha kuzituma tezi kazini, nazo zikikaa bure miezi mingi hulala fofofo. Mimi nikaja nikamnyang'anya vya nje wakati vya ndani vimelala. Ikabidi arudishiwe dawa ileile, kisha ipunguzwe kidogo kidogo kwa miezi.

Maajabu ya siku ya tatu si mageni. Mwaka 1948, daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimchoma sindano za kotisoni, ndugu ya kotisoli, mwanamke aliyekuwa hajiwezi kwa baridi yabisi, na siku chache baadaye mama yule alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench na wakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Kadiri wagonjwa walivyoendelea kupewa dozi kubwa, nyuso za mviringo na sukari vikafuata. Yaani hili somo dunia ililipata zamani, kabla mimi sijazaliwa, na bado halijafika kwenye kile kifuko.

Siku hizi mitandaoni kuna jipya: "uso wa kotisoli". Vijana wanajipiga picha asubuhi wamevimba kidogo, wanalaumu mawazo, halafu chini yake kuna anayeuza majani ya kushusha kotisoli. Mimi siamini hata kidogo. Mawazo hupandisha kotisoli, ni kweli, na wanaoisubiri pesa ya korosho kutoka chama cha msingi wanajua usiku usio na usingizi ulivyo. Lakini mawazo ya kawaida hayakupi uso kama wa mama mkubwa. Uso ule mara nyingi una kidonge nyuma yake, au sindano, au mkorogo. Mkorogo, ndiyo. Krimu kali za kujichubua zenye klobetasoli, steroidi ya kupaka, hupenya ngozi, na mtu anayejipaka mwili mzima kila siku anaweza kuishia palepale. Na vile "vidonge vya kunenepa" wanavyouziana wasichana kwa siri, vingine ni deksa tu.

Kuna utafiti mmoja nimeupenda. Mwaka 2001 watafiti wa Boston walitengeneza panya ambao seli zao za mafuta zilikuwa na kimeng'enya kingi kinachogeuza kotisoni iliyolala kuwa kotisoli iliyo macho. Panya wakaota vitambi na kupata kisukari, ingawa homoni ya namna hiyo kwenye damu yao haikupanda. Maana yake kitambi chenyewe kinaweza kujipikia homoni hiyo jikoni kwake bila damu kujua. Kampuni za dawa zikakimbilia kutafuta vidonge vya kukizima kimeng'enya hicho kwa wagonjwa wa kisukari, lakini sukari ilishuka kidogo tu.

Na kwa kuwa nipo Mtwara, acha niseme hili la ming'oko. Ile ming'oko, mizizi ya porini tunayochemsha na kuuza kwa mafungu, ni ukoo mmoja na viazi mwitu vya Mexico ambavyo miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alivigeuza kuwa malighafi ya homoni za steroidi, na mwaka 1951 kotisoni nayo ikatengenezwa kwa malighafi ya viazi hivyo. Kabla hajatokea mjanja wa kuuza "unga wa ming'oko wa homoni": kazi hiyo hufanyika kiwandani. Tumboni mwako mng'oko utabaki kuwa mng'oko.

Sitaki mtu atoke hapa akiichukia deksa. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo kwa theluthi miongoni mwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati huchomwa deksa ili mapafu ya mtoto yakomae. Mwenye pumu iliyombana huokolewa na prednisoloni. Dawa ni nzuri. Ninachokipinga ni kifuko.

Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma, jirani zetu, mwaka 2003, ili wa vijijini wapate dawa salama kwa mtu aliyefundishwa. Nia njema, na mengi yanatusaidia. Basi mwenye duka aandike jina la dawa. Herufi kumi na mbili za prednisolone zinaenea kwenye kifuko, kalamu anayo, na muda anao maana ameandika 1x3. Na kidonge cha namna hii kisitoke bila cheti cha daktari, hata mteja akilia, hata kama ni shangazi yake. Nasi tukienda kupima sukari tubebe kila tunachomeza, cha duka na cha mganga, tukimwage mezani. Jambo moja zaidi: anayemeza steroidi asubuhi, sukari yake hupanda zaidi mchana na jioni, kwa hiyo akipimwa alfajiri kabla hajala anaweza kuambiwa yuko salama.

Mama mkubwa sasa anameza dawa ya sukari tu, kipimo kinacheza kwenye 8 na 9. Mashavu yameshuka. Alipokuja tena Idi iliyopita, mpangaji wa chumba cha mbele alinivuta pembeni, "Mama mbona kakonda hivi, kuna nini?" Na juzi usiku simu ikaita kutoka Tandahimba. Tukasalimiana, nikampa shikamoo yake, akauliza watoto, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, magoti yamerudi. Na korosho ndiyo hizi zinaanguka. Zile nyeupe, hata nusu nusu haiwezekani?"

Nikamwambia Jumatatu nakuja, twende wote hospitali yakaangaliwe magoti yenyewe. Akasema sawa, ila nije mapema, Jumanne kuna mnada.