Farasi wa Farao walikosa nini?

Tulikuwa tumefika Bahari ya Shamu. Kitabu kilikuwa kile cha hadithi za Biblia kwa picha, jalada gumu, kurasa zinazong'aa, nasi tumekaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa kwa sababu ndani wakubwa walikuwa bado kwenye matangazo. Pichani Waisraeli wamekwisha kuvuka, wanacheza na matari. Nyuma yao maji yametulia, bluu tupu. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka saba hivi, akataka kujua askari wameenda wapi. Nikamwambia wamezama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na farasi, mwalimu? Farasi walikosa nini?"

Nikawaimbisha. Wimbo ulionijia haraka ukawa ule wa Kutoka 15, farasi na mpanda farasi amewatupa baharini, kwa hiyo sikujisaidia sana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitazama vitabu hivi kwa jicho jingine. Wazazi na walimu wa shule ya Jumapili hubishana juu yake mara kwa mara. Wapo wanaosema vinachuja Neno: Daudi anamwangusha Goliathi kwa jiwe na hadithi inaishia hapo, upanga na kichwa havimo. Danieli anatoka salama, lakini aya inayofuata, ambamo washitaki wake wanatupwa kwa simba pamoja na wake zao na watoto wao, haionekani. Nuhu anashuka kwenye safina chini ya upinde wa mvua, na hakuna anayemwona akilewa divai ya shamba lake. Mtoto akikua, wanasema, akafungua Biblia yenyewe, atajiona amedanganywa.

Hoja hiyo ina uzito, ila wanaoitoa wengi wao hawajawahi kumsomea mtoto wa miaka minne Biblia ya Muungano neno kwa neno. Tafsiri hiyo ya 1952 ilikusudiwa kuunganisha wasomaji wa tafsiri ya Unguja na wale wa tafsiri ya Mombasa. Kiswahili chake ni kitamu, lakini mtoto wa leo anakwama kwenye dhiraa na mkono wa kuume kabla hajafika kwenye kisa. Tena hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemsomea mwanawe Waamuzi 19, sura ya ubakaji na mwili uliokatwa vipande, kabla ya kulala. Kila anayesimulia huchagua. Bibi aliyetusimulia habari za Yusufu jikoni naye alichagua: mke wa Potifa alipitishwa haraka sana, na hatukupungukiwa na kitu.

Kitabu cha picha kina faida nyingine ambayo wapinzani wake huisahau: ni kitu cha kushikwa. Mtoto anakifungua mwenyewe, anamtafuta twiga kwenye safina, anarudi kwenye ukurasa uleule mara kumi. Katika nyumba kadhaa ninazozijua, ndicho kitabu pekee chenye rangi. Wengine wamejifunzia humo kusoma.

Kuhusu picha zenyewe, tunalalamika sana kwamba Yesu ana nywele za dhahabu, na tunalalamika kwa haki, ila tujue chanzo. Kuchapa rangi ni ghali. Kitabu cha rangi huchapwa kwa wino nne, na maneno huwekwa kwenye wino mweusi peke yake. Mchapishaji akitaka toleo la lugha nyingine hubadilisha bamba la wino huo mweusi tu, picha zinabaki zilezile, na lugha nyingi zinachapwa kwa mkupuo. Hivyo ndivyo bei inavyoshuka hadi mama wa Morogoro aweze kununua. Gharama yake ni kwamba mchungaji mwema anatembea kwenye majani ya Ulaya, na mfasiri anabanwa: sentensi ya Kiswahili lazima iingie kwenye nafasi iliyoachwa na lugha nyingine. Inapogoma kuingia, kinachokatwa ni utamu.

Wafasiri wa zamani walikuwa jasiri zaidi. Kwenye Mwanzo 6 Nuhu anaambiwa ajifanyie safina ya mti wa mvinje. Mvinje! Mti ule unaovuma kwa upepo ufukweni, mtoto wa Tanga anaujua. Na kaskazini mwa Kameruni, miaka ya 1970, watu wa Mafa waliigiza matukio ya Injili kijijini kwao, kisha picha zikachorwa kutokana na maigizo hayo, Yesu akiwa Mwafrika kati ya nyumba za udongo. Kwa hiyo inawezekana. Inahitaji fedha, na makanisa yetu hutoa fedha kwa mabati kuliko kwa wachoraji.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni ile sentensi ya mwisho chini ya ukurasa: "Nawe uwe mtiifu kama Samweli." "Nawe usiogope kama Danieli." Mtoto akisoma hadithi ishirini za namna hiyo anajifunza kwamba hadithi ni amri iliyovaa nguo nzuri, na kwamba akishaipata amri, kisa kimekwisha. Haulizi tena. Katika Kumbukumbu la Torati 6 mambo yanakwenda kinyume: mtoto ndiye anayeanza kwa kumuuliza baba maana ya sheria hizi zote, na baba anaagizwa ajibu kwa kisa, kwamba tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri. Hata Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529, ambayo watoto wa Kilutheri huikariri mpaka usingizini, inatembea kwa swali: maana yake ni nini? Ni kweli pale anayeuliza ni kitabu na jibu liko tayari, lakini angalau swali limeruhusiwa kuingia chumbani.

Ndiyo maana natofautisha kuacha na kubadilisha. Kuacha kichwa cha Goliathi kwa ajili ya mtoto mdogo, sina ugomvi. Kukipa kisa mwisho usio wake, hapo nagoma. Yona ndiye anayeonewa kuliko wote. Katika vitabu vingi nilivyoshika, samaki anamtapika, anakwenda Ninawi, watu wanatubu, ukurasa wa mwisho Yona anatabasamu na chini imeandikwa tumtii Mungu. Sura ya nne yote imetupwa: Yona aliyekasirika hadi kutaka kufa kwa sababu mji umesamehewa, mtango uliomea juu yake ukampa kivuli, buu lililoutafuna ukanyauka. Hakuna damu humo. Hakuna cha kumtisha mtoto. Imeachwa kwa sababu haitoi amri nyepesi.

Jumapili mbili baadaye nilimwita yule mtoto aliyeuliza habari za farasi. Nikaacha kitabu cha picha, nikafungua Biblia, nikamsomea sura hiyo polepole, maneno magumu nikiyafungua njiani. Tukafika mwisho, pale Mungu anapomuuliza Yona kama haikumpasa yeye Mungu kuuhurumia mji ule mkubwa, wenye watu zaidi ya mia na ishirini elfu wasioweza kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto, tena wanyama wa kufugwa wengi.

"Wanyama?" akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaivuta Biblia, akaweka kidole kwenye mstari, akausoma mwenyewe kwa shida hadi kwenye neno wanyama. Kisha akageuza ukurasa, akakuta kimeanza kitabu cha Mika. Akarudi nyuma.

"Yona alijibuje?"

"Hawakuandika."

"Sasa mbona wameishia hapo?"