Acheni Kuzikata Upya Almasi za Kale

Wiki hii rafiki yangu ameambiwa na sonara kwamba almasi iliyo kwenye pete aliyoachiwa na bibi yake "ina tundu katikati", imekatwa vibaya, haina mng'ao, na kwamba dawa ni kuikata upya ili ipate thamani. Akanitumia picha usiku, roho ikimuuma, akitaka kujua kama ni kweli bibi alivaa jiwe bovu maisha yake yote. Nilipoitazama ile picha nilipandwa na hasira. Hakuna tundu pale. Ni almasi ya mviringo ya mkato wa kale, nzima kabisa, na kile kiduara alichokishangaa sonara ndicho sisi tunaopenda pete za zamani tunachokitafuta kwanza.

Wakata almasi wa karne ya 19 hawakuiacha ncha ya chini ya jiwe ikiwa imechongoka. Waliisaga kidogo ikawa bapa, kwa sababu ncha kali ya almasi humeguka upesi. Ukilitazama jiwe kutoka juu, ule ubapa huonekana kama duara dogo katikati. Almasi ni namba 10, ya juu kabisa, kwenye kipimo cha ugumu wa mawe kiitwacho Mohs, hakuna jiwe la asili linaloweza kuikwaruza isipokuwa almasi nyingine, lakini kutokwaruzika ni jambo moja na kutopasuka ni jambo jingine. Aliyelikata jiwe lile alilijua hilo, akalilinda. Leo mtu mwenye lenzi mkononi anauita ulinzi huo kasoro.

Kosa kubwa zaidi ni kulipima jiwe la enzi za mishumaa na taa za mafuta kwa macho yaliyozoea taa za dukani. Almasi za kale zilikatwa na watu walioishi kabla umeme haujaingia majumbani. Sehemu ya juu ya jiwe ni ya kimo, uso wa juu kabisa ni mdogo, na nyuso za chini ni pana. Ukizihesabu nyuso zote, yaani sehemu bapa zilizokatwa, za almasi ya mviringo ya kale mara nyingi utapata 58, ukijumlisha na ule ubapa wa chini, idadi ambayo haipishani na ya almasi ya kisasa. Tofauti iko kwenye upana na pembe zake. Jiwe la kisasa hutawanya mwanga katika vimeta vidogo vingi vinavyocheza kwa kasi. La kale hutoa miale michache mikubwa. Liweke chini ya mwanga hafifu wa jioni, geuza mkono taratibu, uone: upande mmoja unawaka mzima, rangi ya chungwa au kijani inapita, unazimika, na wa pili unapokea. Mimi naweza kukaa na jiwe moja hivyo muda mrefu nikasahau nilichokuwa nafanya.

Pembe za almasi za leo zina asili yake. Mwaka 1919, Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp, alichapisha hesabu za pembe zinazorudisha mwanga mwingi zaidi kwa mtazamaji. Ni kazi nzuri, siibezi. Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba chini ya taa nyeupe za ofisini jiwe la kisasa litalishinda la kale kwa kung'aa. Lakini hesabu ile haikuwa hukumu juu ya kila jiwe lililotangulia. Imegeuzwa kuwa hukumu na watu wanaosoma cheti, ile karatasi inayolipa jiwe madaraja, kabla ya kutazama pete.

Na kukata upya hakurudishiki. Mwaka 1851 almasi ya Koh-i-Noor ilionyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London. Watu walipanga foleni kuiona, wakaondoka wamenuna kwa sababu haikumeremeta walivyotarajia. Mwaka uliofuata Prince Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, akaagiza ikatwe upya, mashine ya mvuke ikaletwa kwa kazi hiyo, na jiwe la karati 186 hivi (karati ni kipimo cha uzito wa vito) likabaki na 105.6. Zaidi ya asilimia 40 ya almasi ambayo watawala wa Asia waligombania kwa karne nyingi ilisagwa ikawa vumbi, na pamoja na vumbi hilo ukaenda mkono wa mtu aliyeikata zamani. Kwanza Waingereza waliichukua Punjab mwaka 1849 kutoka kwa maharaja mtoto, kisha hata sura yake ikaondolewa.

Mtu atasema hayo ni mambo ya kale. Basi aiangalie almasi ya buluu ya Wittelsbach, iliyopita mikononi mwa watawala wa Austria na Bavaria tangu karne ya 17. Mwaka 2008 Laurence Graff, mfanyabiashara wa almasi, aliinunua mnadani London, kisha akaikata upya. Kutoka karati 35.56 ikashuka hadi 31.06. Cheti kikawa kizuri zaidi, daraja la rangi likapanda, la usafi likapanda. Kwenye karatasi ile yote ni faida. Mimi naona karati 4.5 za kazi ya mikono ya karne ya 17 ambazo hakuna fundi duniani atakayezirudisha. Zilikuwa na mikwaruzo na vidonda vya kuvaliwa, ndiyo. Mtu aliyezeeka pia anavyo.

Pete ya rafiki yangu haiko kwenye historia ya falme, ila kinachotakiwa kufanyiwa jiwe lake ni kile kile, na ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza. Yatapunguzwa mapana yake, litazamishwa katika vipimo vya kila jiwe lingine, litapewa cheti, na hapo litakuwa dogo na la kawaida. Kuna mamilioni ya almasi za kisasa za mviringo, na maabara zinatengeneza nyingine kila siku. Almasi iliyokatwa kwa jicho na mkono kabla ya mwaka 1900 haitengenezwi tena. Kila anayeikata upya anaipunguza idadi kwa moja.

Ukitaka kuelewa ninachopigania, chukua pete ya zamani uigeuze upande wa nyuma. Watu husahau kutazama huko. Kabla platinamu haijazoeleka mwanzoni mwa karne ya 20, masonara walizishika almasi kwa fedha, ili manjano ya dhahabu yasiingie kwenye jiwe, halafu chini ya fedha wakaweka dhahabu ili kidole kisichafuke kwa weusi. Metali mbili katika pete moja, kila moja na kazi yake, na mstari wa kuungana kwao unauona ukiinamisha pete. Ilipokuja platinamu, ngumu na nyeupe, wakaanza kuikata kwa msumeno mwembamba hadi pete ikawa na matundu ya maua, na kingoni wakapanga punje ndogo ndogo za metali zinazolizunguka jiwe. Kwenye pete zilizovaliwa sana punje hizo huwa zimelika. Niambie ni cheti gani kina mahali pa kuandika hilo.

Na si almasi peke yake. Pete ya uchumba ya Malkia Victoria ilikuwa nyoka mwenye zumaridi. Fikra kwamba uchumba bila almasi haujakamilika ilikuzwa na matangazo ya kampuni ya almasi ya De Beers karne ya 20, na ile kauli mbiu ya almasi kuwa ya milele ni ya mwaka 1947. Waliotangulia walivaa lulu, garneti, feruzi, yakuti, walichokipenda na walichokimudu. Katika pete za miaka ya 1920 utakuta almasi imezungukwa na yakuti za buluu, kila kipande kimekatwa kikae kwenye nafasi yake na si nyingine. Kimoja kikidondoka, wa kukitengeneza mbadala inabidi aanze kukata upya kwa kipimo cha lile pengo, na buluu yake kwa kawaida haifanani kabisa na ya wenzake. Kipande hicho kigeni wengi hukiona doa. Mimi hukipenda, maana kinaonyesha kuna mtu aliyeona pete inastahili kutengenezwa.

Ila msidanganywe na neno "ya zamani". Yakuti nyekundu za kutengenezwa zilikuwa tayari sokoni mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Mfaransa Auguste Verneuil kutangaza njia yake mwaka 1902, na zikawekwa kwenye pete za platinamu bega kwa bega na almasi halisi. Chini ya lenzi mistari yake ya ndani imepinda, ilhali ya yakuti ya asili imenyooka. Na ukionyeshwa pete ya "1920" yenye tanzanaiti, ujue ama jiwe limebadilishwa ama unauziwa hadithi, kwa sababu tanzanaiti ilianza kujulikana mwaka 1967 kule Mererani.

Kuna hoja nyingine inayosemwa sana, kwamba pete ya zamani ni safi, haina damu. Hapana. Almasi za Brazil za karne ya 18 zilichimbwa na watumwa. Kimberley, Afrika Kusini, kuanzia miaka ya 1880, wachimbaji Waafrika walifungiwa kwenye kambi kwa muda wote wa mkataba na kupekuliwa hadi mwilini. Mawe hayo ndiyo yaliyo kwenye pete nyingi tunazozipenda. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba kuinunua leo hakuchimbi shimo jipya. Lakini kwangu mimi mateso hayo ni sababu nyingine ya kutolisaga jiwe: kilichogharimu watu kiasi kile hakitupwi kama vumbi kwa ajili ya daraja moja zaidi kwenye karatasi.

Kwa hiyo nimemjibu rafiki yangu hivi, na nawaandikia na nyinyi mlio na pete kama hiyo. Mpelekee sonara pete azitazame kucha zinazolishika jiwe, kwa sababu hizo kweli hulika, na jiwe hupotea. Aongeze dhahabu kwenye kucha zilizochakaa. Mduara wa pete ukiwa umekuwa mwembamba chini, aunge kipande kipya. Pete yenye jiwe lililozibwa nyuma isitumbukizwe majini kamwe, maana mara nyingi kuna karatasi nyembamba ya metali ndani iliyowekwa kurudisha mwanga, na maji yakiingia huwa nyeusi. Zumaridi isiwekwe kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Na kama pete yenyewe huipendi, tengeneza nyingine, jiwe uliache lilivyo. Sonara akisisitiza kulikata upya, mwambie akurudishie pete yako, uondoke nayo.